Tundu Kwenye Ua, Nyuma ya Jiko

Admin, ukiposti hii toa chochote cha kunitambulisha, maana Wakenya wa huku wanasoma page yako sana na mmoja wao ndiye ninayemshuku. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne, niko kwenye mazraa, yaani shamba la bosi wangu, nje kidogo ya Riyadh. Kazi yangu ni kumwagilia mitende na kutunza ua wa miti unaozunguka nyumba. Mke wangu yuko humo humo ndani, ni mfanyakazi wa nyumba. Lakini hakuna anayejua ni mke wangu. Agenti wa Nairobi alituambia kafili huyu, yaani bosi anayetudhamini huku, hataki mtu na mkewe, kwa hivyo tuseme ni ndugu. Tukakubali, shida ilikuwa imetubana. Nikifikisha mboga mlango wa jikoni nasema, "Dada, shika hizi," naye anajibu, "Asante, kaka." Mwanzoni tulikuwa tunacheka nayo.

Sasa huo ua una masharti yake. Hapa mti haukatwi ovyo, bosi lazima apate ruhusa ya serikali kwanza, na ndege wakishajenga viota hakuna kugusa mpaka makinda yaruke. Halafu kuna sheria za bosi mwenyewe, na hizo ndizo kali zaidi. Hukati matawi wakati madam na mabinti wako nyumbani, na huteremshi kimo hata mtu aliyesimama juu ya pikapu aweze kuona ndani. Ua ndio sitara ya wanawake wake. Siku ya kwanza aliniambia nikikosea hapo narudishwa Kenya, halas.

Juzi juzi, viota vikiwa bado vimejaa, bosi akaniita nyuma ya jiko. Kuna tundu chini ya ua, la kumtosha mtu akiinama.

"Nani amekata?"

Mwenye mkasi wa miti ni mimi peke yangu. Nikaona nikinyamaza nimekwisha, nikasema, "Bosi, ni mbuzi wa jirani."

Akaokota kijiti kimoja, akakigeuzageuza. "Mbuzi huyu ana kisu?"

Akasema yeye na familia wanaenda Jeddah harusini, na akirudi akute nimefunga wavu wa chuma hapo, na nimpe jina la aliyekata. Nikikosa jina, basi ni mimi.

Alipoondoka nikavichunguza vile vijiti. Mkasi wangu hukata mara moja, safi. Hivi vilikuwa vimetafunwatafunwa na kisu cha jikoni, tena vimekatiwa upande wa ndani, na matawi yakarudishwa yafunike tundu. Sasa jiko ni la nani? Ni la mke wangu, wallahi, na mimi hata si Mwislamu.

Wacha niwaambie kuhusu dereva wa bosi. Ni Mkenya mwenzetu, na anampenda huyo "dada yangu" waziwazi. Na kwa vile mimi ndiye kaka, posa ananiletea mimi! Kila asubuhi, "Shemeji yangu, nije na ng'ombe wangapi?" Nacheka naye tu. Ningemwambia nini? Lakini siku hizi ng'ombe wameisha ghafla. Hata salamu ananipa akiangalia kando. Na gari analioshea upande ule wa jiko, ilhali mfereji uko upande wa pili. Mtu mzima anaburuta mpira wa maji shamba lote kwa nini? Mjue mimi si mtoto.

Familia ilipoondoka kwa ndege, mke wangu akaachwa asafishe nyumba, na dereva naye akabaki. Jana nikamfuata mke wangu jikoni.

"Ni wewe umekata?"

Hakupepesa macho. "Ni mimi."

"Uende wapi?"

"Jeddah. Mtaa wa Karantina kuna wanawake wa kwetu wanafanya kazi za mchana, jioni mtu anarudi kulala kwake. Mimi tangu tuje sijatoka nje ya huu ua peke yangu."

"Na nani?"

Akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikapandisha sauti. "Na dereva?"

"Mbona unauliza kama mume?" akasema. "Siku ile alipokuuliza ng'ombe nilikuwa hapa dirishani. Nilikusikia. Ulimwambia ajipange tu, dada yupo."

Aki ya Mungu, nilisema hivyo. Lakini ulikuwa mzaha wa kulinda siri yetu, jamani! Ningekasirika si angejua? Nikamweleza, nikamsihi, nikamwambia kama ni kutoka tutoke wote wawili. Akatingisha kichwa.

"Wewe ziba tu, kaka."

Nyumba ilikuwa tupu. Hakukuwa na mtu wa kutusikia, na bado akaniita kaka. Nilitoka pale sijui kama anatoroka kazi ama ananitoroka mimi.

Sasa wavu uko hapa kando yangu, nimeshaukata kwa kipimo. Nikiufunga, nimemfungia mke wangu ndani kwa mikono yangu mwenyewe. Nikiuacha, bosi ananirudisha Kenya mimi, na mke wangu akipita ataripotiwa kuwa mtoro, ikama yake, kibali cha kuishi huku, ife, na huenda kuna mtu anamngoja na gari upande wa pili. Nikisema ukweli kwamba tumeoana, tunarudishwa nyumbani wote, na sijui kama atakubali kuwa mke wangu tena tukifika. Bosi anarudi Ijumaa. Msinitukane, nina maumivu ya kutosha. Waliooa na walioolewa, nishaurini: nifunge huo wavu ama niache wazi?