Mtembeza Wageni wa Msuka

Mtembeza wageni wa Msuka huwapokea wote kwa sauti ileile ya upole: mkipita kijijini vaeni nguo za stara, msimpige mtu picha kabla hajakubali. Akisema, vidole vyake huzungusha ufunguo wa gari, na macho hufuata kile anachokitazama mgeni. Huyu wa leo hakutazama msitu wala mnara wa taa. Alitazama pwani, akauliza kwa Kiingereza shamba lile ni la nani, na kisima chake kina maji gani. Ufunguo ukasita. Mgeni wa mwisho kuuliza hivyo alirudi na wapima ardhi, na njia ya wavuvi ikazibwa kwa ukuta.

Bi Mardhiya, mwenye shamba, alikuwa kisimani akiteka maji.

"Bi, mgeni anaulizia maji yako."

"Mwambie matamu, mwanangu, hayajapata kukauka."

Mtembezaji akatabasamu, akamfasiria mgeni: maji ni ya chumvi, na shamba ni la wakfu, haliuzwi. Mgeni akamtazama kitambo, kisha akamwinamia Bi Mardhiya na kusema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Ahsante, Bi. Basi nipe niyaonje."