Jiwe la Neptuni Nyumbani kwa Mama Wegesa

Fundi Rashidi Pazi anatengeneza baiskeli hapa Manyamanyama, Bunda, ng'ambo ya barabara kutoka pale mama yangu anapouza maandazi. Ukitaka kumjua upesi, angalia ukuta wa kibanda chake. Mafundi wengine wanachoraga simba au pampu. Yeye amechora duara la njano, refu kuliko yeye mwenyewe, na chini yake ameandika JUA. Ukitoka hapo ukafuata barabara ya kwenda Musoma, kabla hujafika kwenye mti wa simu wa nne, kuna jiwe jeupe lenye gololi moja iliyogandishwa kwa saruji. Hiyo ndiyo Dunia. Watoto wameing'oa gololi hiyo mara nne, naye mara nne amegandisha nyingine bila kugomba na mtu.

Mambo yenyewe yalianza mwaka sabini na tisa, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama ndiye aliyenisimulia. Mteja kutoka Butiama aliacha redio yake kibandani, na redio ya nje ikatangaza kwamba chombo cha Wamarekani, kinaitwa Voyager, kimepita karibu na sayari ya Mshtarii, na kwamba mwezi mmoja wa sayari hiyo una mlima unaotapika moto. Fundi akaacha kiraka kabla hakijashika. Akawauliza waliokuwepo, huko ni mbali kama wapi? Mmoja akasema kama Mwanza. Mwingine akasema kama Ulaya. Hakuna aliyemcheka mwenzake, maana hakuna aliyejua.

Fundi aliishia darasa la nne, lakini swali likimwingia halimtoki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, betri za redio ndiyo kabisa hazionekani. Fundi alikuwa akianika betri zilizokwisha juu ya bati, zipate nguvu ya dakika kumi. Hivyo ndivyo alivyosikia habari za Zohali na pete zake, nusu nusu, na siku moja akasikia anwani ya watu wanaokifuatilia hicho chombo. Akamwomba Mwalimu Euphrasia, ambaye cheni ya baiskeli yake ilikuwa haiishi kukatika, amwandikie barua ya Kiingereza. Barua wakaipeleka posta Musoma. Ndani mlikuwa na swali lile lile: ni mbali kiasi gani?

Jibu lilichukua miezi minane. Ilikuja bahasha ya kaki yenye picha ya Zohali na kijitabu. Mwalimu akakitafsiri chote, ila Fundi alihitaji ukurasa mmoja tu, ule wa namba. Ukichukua umbali wa Jua na Dunia ukauita kipimo kimoja, Mshtarii iko vipimo vitano na kidogo, Zohali tisa na nusu, Uranusi kumi na tisa, Neptuni thelathini.

"Hizi nazipima," Fundi akasema.

Alipima kwa kitu alichonacho. Alifunga kipande cha bati kwenye uma wa mbele wa baiskeli, na spoku moja akaizungushia waya. Kila gurudumu likizunguka mara moja, waya unagonga bati: ta. Ikifika mia, anatoa mbegu ya pamba mfuko wa kushoto anaitia wa kulia. Mizunguko mia ndiyo Dunia. Mizunguko mia tisa na hamsini ni Zohali. Mwishoni mwa mwaka themanini na tano, redio iliposema chombo kinakaribia Uranusi, alipima kuanzia kwenye Jua mpaka mzunguko wa elfu moja na mia tisa, akaweka mawe yote njiani. Neptuni hakuipima. Alisema haweki jiwe mahali ambapo chombo bado hakijaelekea.

Watu walimwita Fundi Uranusi. Silasi, mkulima wa pamba ambaye baiskeli yake inashinda pale kibandani kuliko nyumbani kwake, alikuwa akipita kwenye jiwe la Mirihi anasimama na kubisha hodi.

Basi mwaka jana, themanini na tisa, mwezi wa tano, Fundi akaenda kupima Neptuni. Alianzia kwenye jiwe la Uranusi, akahesabu mizunguko elfu moja na mia moja iliyobaki. Wa mwisho ukaangukia uani kwa Mama Wegesa, mjane anayekaa peke yake karibu na barabara. Fundi akaomba ruhusa ya kuweka jiwe. Mama Wegesa akauliza kama linakula. Alipoambiwa halili, akakubali. Wiki hiyo hiyo akalipaka chokaa, akalizungushia maua, akaanza kuwaambia wanaopita kwamba sayari ya mwisho iko kwake.

Redio ikasema chombo kitapita Neptuni Ijumaa, tarehe ishirini na tano, mwezi wa nane. Mwalimu Euphrasia akaomba kibali cha kuwatembeza wanafunzi toka Jua mpaka Neptuni siku hiyo. Mwalimu mkuu hakupenda. Alisema fundi wa pancha hawezi kufundisha watoto sayansi. Mwalimu Euphrasia alimng'ang'ania mpaka akasema haya, lakini Mratibu wa elimu atakuja kuangalia mwenyewe, na kukionekana uongo wowote, mawe yale yasahauliwe na watoto wasionekane tena kibandani. Kwa Fundi hilo lilikuwa kubwa. Miaka kumi alikuwa ametafuta watu wa kuuliza naye, na walioulizaga kwa kweli ni watoto tu.

Jumatano ya wiki hiyo Fundi akapanda baiskeli ahakikishe hesabu yake. Nilimwona anaondoka, nikamwona anarudi mapema mno. Akaegemeza baiskeli ukutani kidogo, kisha akaipanda tena akaondoka. Aliporudi mara ya pili alikaa juu ya tairi bovu, akashika tama. Silasi akamuuliza kama amefiwa.

Fundi akasema Zohali imehama. Jiwe linapaswa kuwa kwenye mzunguko wa mia tisa na hamsini, leo amelikuta kwenye mia nane sitini na nne. Uranusi nayo imesogea karibu.

"Labda zimeshuka kunywa maji ziwani," Silasi akasema.

Fundi hakucheka. Mawe hayakuwa na dalili ya kung'olewa, nyasi zimeota mpaka kwenye ubavu. Akawa anaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta spana. Macho yake yakafika kwenye rimu kuukuu iliyotundikwa kwenye msumari, imebonyea, imepata kutu. Akaiangalia sana. Kisha akaishusha, akaizungushia uzi mara moja, akaukata. Akazungushia uzi mwingine kwenye gurudumu la sasa, lenye tairi mpya iliyokuja baada ya bidhaa za nje kuruhusiwa tena. Akazilaza nyuzi mbili chini, moja kando ya nyingine. Ule wa tairi ulikuwa umezidi kwa shibiri moja.

Hapo hata mimi nilielewa. Mwaka themanini na tano tairi hazikuwepo. Ukitaka tairi ulipaswa kupata kibali Musoma, na kibali hukipati. Watu walipanda rimu tupu, ikilia barabarani kama sufuria inayokwaruzwa. Fundi naye alipima sayari zote kwa rimu tupu. Neptuni peke yake ndiyo aliipima na tairi. Mizunguko kumi ya tairi ni sawa na kumi na moja ya rimu, kwa hiyo Neptuni ilikuwa imepita mahali pake kwa mizunguko mia nzima. Haikuwa kwa Mama Wegesa kabisa. Ilikuwa huku nyuma, kwenye shamba la mihogo ambalo halina hata kivuli.

Silasi alimshauri anyamaze. Nani atakwenda kupima? Mwalimu Euphrasia, alipoambiwa Alhamisi, akasema labda jiwe lingehamishwa jioni ile ile, kabla Mratibu hajaja. Fundi alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa cha grisi.

"Nikilihamisha kwa kificho, Mama Wegesa ataamka ameibiwa," akasema. "Nilikosea mchana, mwalimu. Acha nirekebishe mchana."

Ijumaa asubuhi walikuwa watoto arobaini, Mwalimu, na Mratibu mwenyewe, Bwana Boniphace, aliyevaa viatu vya ofisini. Mama aliniruhusu nifuate na ndoo ya maandazi. Fundi aliwaambia watoto kwamba chombo kimeshapita Neptuni saa moja asubuhi hiyo, lakini sauti yake inachukua zaidi ya saa nne kutufikia, kwa hiyo tukitembea vizuri tutafika pamoja nayo. Watoto wakaongeza mwendo, wasije wakashindwa na sauti.

Kwenye jiwe la Zohali akasimama. Akasema jiwe hili aliliweka kwenye mia tisa na hamsini, na gurudumu lake leo limehesabu mia nane sitini na nne, na vyote viwili havikudanganya. Imekuwaje? Mtoto mmoja akasema barabara imesinyaa kwa jua. Mwingine akasema jiwe limetembea. Fundi akatoa nyuzi mbili mfukoni, akawapa wazishike. Binti mmoja mdogo, pengine wa darasa la tatu, akaangalia uzi, akaangalia gurudumu.

"Siku hizi limevaa viatu," akasema.

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha akawaeleza yote, na kosa lake.

Bwana Boniphace alisikiliza mikono ikiwa nyuma. "Kwa hiyo, Fundi, unatutembeza kilomita sita kwenda kuangalia kosa?"

"Ndiyo, mzee. Na kulitoa."

Mratibu akashika njia. Aliendelea kutembea, nami nilikuwa naangalia mgongo wake tu, hausemi kitu.

Kwa Mama Wegesa uani pamefagiwa, sufuria ya uji iko jikoni, na juu ya jiwe ameweka chungwa, kwa kuwa aliambiwa Neptuni kwa kipimo hicho ni kama chungwa. Fundi akavua kofia. Akamweleza polepole. Mama Wegesa alisikiliza mpaka mwisho, akaliangalia jiwe na maua yake.

"Basi lichukueni," akasema. "Ila mimi sasa kwangu ni wapi? Nimeshawaambia watu."

Fundi akatia mkono mfukoni. Akachuchumaa, akamwaga mbegu za pamba mchangani. Kijitabu kilisema chombo kinakwenda kama vipimo vitatu kwa mwaka. Toka kwenye shamba la mihogo mpaka hapo uani ni kipimo kimoja na kidogo. Alipanga mbegu, akazipangua, watoto wamemzunguka. Nikaona Mratibu naye ameinama, anahesabu kwa midomo.

"Miezi minne," Mratibu akasema kabla ya Fundi.

"Miezi minne," Fundi akasema. "Mama, chombo hakikai Neptuni. Kinaendelea. Kitafika hapa kwako karibu na Krismasi. Hapa hakuna sayari, lakini kitapita."

Mama Wegesa akafikiri. Akasema uji hauwezi kungoja Krismasi, tunywe. Tukanywa. Halafu jiwe likafungwa kwenye keria ya nyuma ya baiskeli, watoto wakahesabu mizunguko mia kwa sauti kurudi nyuma, na Neptuni ikawekwa kwenye mihogo. Chungwa alilishika Bwana Boniphace njia nzima. Hakusema kama amekubali au amekataa. Ila muhula uliofuata watoto wa shule nyingine mbili walikuja, na barua yao ya ruhusa ilikuwa na sahihi yake.

Siku mbili kabla ya Krismasi Fundi alikwenda kwa Mama Wegesa, nami nikatumwa na maandazi ya sikukuu. Alibeba bahasha mpya ya kaki, imetoka kwa wale wale wanaokifuatilia chombo. Ndani mlikuwa na picha ya Neptuni, bluu kama ziwa lilivyo upande wa Kibara asubuhi. Mama Wegesa aliishika kwa ncha za vidole, akauliza kama kuna baridi. Fundi akasema sana.

Pale palipokuwa na jiwe, kwenye maua, mama huyo alikuwa ameweka jingine dogo, limepakwa chokaa, halina maandishi. Akauliza aandike nini. Fundi akasema aandike tarehe tu, ya siku chombo kinapita.

Akaandika kwa mkaa. Kisha akaangalia barabara inavyokwenda Musoma, akauliza kutoka hapa kinafika wapi. Fundi akainama, akabonyeza tairi ya baiskeli yake kwa dole gumba kuona kama ina upepo wa kutosha.