Glasi ya Maji Katikati ya Bahari

Pale Kunduchi ninapokaanga samaki tangu niache shule, mama wa karai la jirani alipigiwa simu ya video na bintiye, mhudumu kwenye meli ya watalii. Tulisogea sote. Kwenye simu tukaona watu wamejilaza kando ya bwawa la kuogelea, humohumo melini!

"Wanakwenda wapi hao?"

"Leo hatushuki popote, mama. Wanapumzika tu."

"Siku nzima baharini, hata dagaa hawavui?"

Tulicheka. Mama mwenyewe hakucheka, kwani bahari ndiyo iliyomchukua mumewe.

"Weka glasi ya maji mezani, niione."

Binti akaiweka. Tukakodoa macho. Maji yalitulia tuli.

"Haya mwanangu, leo nitalala."

Ndugu msomaji, nimezaliwa pwani, lakini sikujua bahari inaweza kutulia kuliko mafuta ya karai.