Paka Mweupe wa Mlandege

Kazi yetu katika kituo cha wanyama ni kuwakamata paka wa mitaani, kuwafunga kizazi na kuwarudisha walikotoka. Mtaa wa Mlandege nilipita mlango kwa mlango nikiuliza paka jike mweupe ni wa nani. Kila mmoja akasema si wake, basi nikamchukua. Daktari alimfunga kizazi, akamkata ncha ya sikio iwe alama asikamatwe tena.

Nilipomrudisha, bibi mwenye duka la vitambaa akatoka.

"Nani kamkata sikio paka huyu?"

"Nlikuuliza, bibi, ukasema si wako," nikamjibu kwa hasira.

"Si wangu. Lakini hukuuliza anakula kwa nani."

Sahani ya dagaa ilikuwa mlangoni pake. Siku ile niliiruka nikiingia kumuuliza.