Fedha Ndani ya Debe la Ulezi

Asubuhi ile nilikunja blanketi langu, nikatoka kambini bila kumuaga mtu na bila kujua ninaelekea wapi. Kilichonitoa ni hofu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, maduara yetu, yale mashimo ya kuchimbia, yamejaa maji, umeme umekatika na mnara wa simu umenyamaza. Kwenye rashi ile ya watu kukimbilia dhahabu, upande wa Kemambo, tulikuwa tumezoea kulipwa kwa simu, kula kwa simu, hata kuchangiana msiba kwa simu. Mnara uliponyamaza, wanaume wenye pesa ya kununua fahali wakaanza kuomba ugali.

Mwanzoni tulicheka. Mmoja aliinua simu yake juu ya sufuria ya mama anayetuuzia chai, akasema, "Mama, chovya hapa, salio limeiva." Hata yule mama alicheka. Baadaye kicheko kiliisha. Watu walianza kuangaliana mifukoni. Mama wa chai akaacha kupika, akawa anakaa tu na kibegi chake ndani ya khanga, na kila aliyemsogelea alimuuliza anataka nini. Kisha mchimbaji mmoja akapigwa mpaka akazirai kwa sababu alionekana akinunua sigara kwa noti. Mimi sikuwa na noti hata moja. Ningeweza kufa njaa, na ningeweza kupigwa kwa kudhaniwa ninazo. Nikaona heri njia.

Shule niliiacha nikiwa darasa la sita, kwa kuwa sikuweza kukaa mahali pamoja, ila udadisi haukuniacha. Nimelala katika nyumba nyingi za watu, na kila nyumba naangalia kwanza imeweka nini kwa ajili ya siku mbaya. Issenye nilimkuta bibi aliyening'iniza chumvi juu ya moshi wa jiko ili isiyeyuke, na chini yake gunia la udaga, mihogo mikavu, ambalo hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuligusa. Tarime mjini nililala kwa mwenye duka aliyefungia mishumaa ndani ya sufuria yenye mfuniko, maana panya walishamfundisha. Ukitaka kujua watu wanaogopa nini, angalia walichoficha.

Dereva wa lori la mawe alinipakia kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa kwenda peke yake. Tulivuka daraja la Mto Mara maji yakiwa yamekaribia kingo, mekundu, yakibeba magogo. Tulipofika Kisaka dereva akakata kona kwenda kwao, nami nikaendelea kwa miguu, begi mgongoni, nikifuata barabara ya Mugumu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Jua lilikuwa limepanda kidogo niliposikia sauti ikiniita kijana kwa lugha ya huko.

"Mura! Wewe unayepita! Simama hapo hapo."

Ulikuwa mji wa mfugaji, nyumba tatu za bati zikizunguka zizi. Mzee mmoja alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, fimbo mkononi na upinde begani. Nyumba zote alikuwa amezipa mgongo, kama mtu aliyenuna.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mwizi?"

"Hapana, mzee."

"Hata mwizi angejibu hivyo hivyo. Lakini leo sina wa kuchagua."

Ndipo nilipomwona mwanamke. Alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta wa nyumba ya katikati, amejifunika khanga kichwani. Tumbo lilikuwa kubwa. Udongo chini yake ulikuwa umelowa, na haukulowa kwa mvua.

Mzee alinieleza huku macho yake yakiwa kwa ng'ombe. Yule alikuwa mke wa mwanawe, mimba yake ya kwanza, na damu ilikuwa imetangulia kabla ya uchungu. Mwanawe alikuwa hukohuko nilikotoka, kwenye maduara, simu haipiti. Mke wa mzee na wanawake wote wa jirani walikuwa wamevuka kijito jana kwenda msibani, kisha kijito kikajaa, hawakuweza kurudi.

"Na wewe hukwenda?" nilimuuliza. Udadisi wangu hauchagui wakati.

"Niache ng'ombe na nani? Siku ya msiba wezi hawalii."

Mwenye bodaboda alikuwa ameshakuja kwa miguu, akasema tangi ni kavu. Muuza mafuta wa njia panda alikuwa hampi mtu hata kifuniko bila fedha taslimu. Bodaboda alikuwa amerudi kwenda kumbembeleza ampatie walau ya kufika hapa na kurudi njia panda. Ya kufika Mugumu hospitali lazima ilipiwe.

"Fedha hamna kabisa, mzee?"

"Ipo." Akanyoosha fimbo nyuma yake bila kugeuka. "Iko humo ndani. Mkwe wangu ameifichua bodaboda akiwa ameshaondoka."

Nilidhani sijasikia vizuri. Fedha ipo ndani, mlango uko wazi, na mtu anavuja damu. Kisha nikakumbuka niko wapi. Kwa watu hawa baba mkwe haingii katika nyumba ya mke wa mwanawe, kule kilipo kitanda chake. Hamgusi, na katika hali kama ile hata kumtazama ni mwiko. Mke wa mzee alilijua hilo, ndiyo maana fedha ya dharura ya mji mzima aliificha mle.

"Mke wangu ananijua," mzee alisema. "Mimi nikiona noti, naona ndama. Kila tulichowahi kuweka nilikipeleka mnadani. Akatafuta mahali ambapo sitafika. Amepapata."

Yule dada akafunua khanga kidogo. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Kaka, chini ya kitanda. Debe la ulezi wa mbegu. Chimba mpaka chini kabisa. Nilijaribu kuinama, nikaona giza."

Nilibaki nimesimama. Naandika haya nikiwa mtu mzima, na bado nauona ule mlango. Mgeni asiyejulikana, katika miezi ile ambayo dhahabu ilikuwa imeleta watu wa kila namna, anaingia chumbani kwa mke wa mtu na kutoka na fedha. Likipigwa yowe katika nchi ile, kila mwanaume anaacha alichoshika na kukimbia na alichonacho: panga, mkuki, jiwe. Hakuna anayeuliza mara mbili. Nilikuwa nimeshaona mahali ambapo yowe lilipita, na kilichobaki hapo.

"Mura," mzee alisema, "unasubiri nini?"

"Naogopa, mzee."

"Mimi pia. Ingia."

Niliingia. Macho yalipozoea giza niliona nyumba iliyojiandaa kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Madumu ya maji yalikuwa yamepangwa ukutani, yote yamefungwa. Kibiriti kilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kando ya taa yenye mafuta. Juu ya msumari kulikuwa na furushi la kujifungulia, limefungwa kwa khanga, na beseni jipya chini yake. Baadaye nilijua lina kila kitu, glovu, wembe, uzi, mpira wa kutandika, hadi sabuni. Hawa watu walikuwa wamefikiria mvua, giza, njaa na uchungu wa kuzaa. Siku hii moja tu ndiyo hawakuifikiria, ambayo nyumbani wangebaki wawili hawa peke yao.

Nilipiga magoti, nikavuta debe. Ulezi ulipita katikati ya vidole, baridi, ukinirudia kila nilipochota. Niliingiza mkono mpaka kwapani. Nje niliusikia mlio wa pikipiki kwa mbali, na vidole vyangu vikaanza kupapasa kama vya mtu anayezama. Nikagusa bati. Kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa mpira wa tairi. Nilitwaa na lile furushi la msumarini, nikatoka.

Pikipiki ilikuwa imeshaingia uani. Bodaboda aliniona nikiwa kizingitini, kopo mkono mmoja na furushi mkono wa pili, ulezi umenijaa kwenye shati. Akamwona dada chini, na damu. Akamwona mzee amesimama mbali, ametugeuzia mgongo. Aliangusha pikipiki, akaokota jiwe.

"Mzee!" alipiga kelele. "Mzee, amekufanya nini huyu?"

"Ametumwa," mzee alijibu huku akiwa bado anaangalia zizi.

"Mbona hugeuki? Amekutisha? Sema nipige yowe!"

Dada alinyoosha mkono, akatamka kitu ambacho hakikutoka. Bodaboda alishajaza hewa kifuani, na mimi niliangalia kile kifua nikijua kwamba pumzi ile ikitoka, hakuna atakayeirudisha.

Mzee akageuka.

Aligeuka mwili mzima. Alimtazama mke wa mwanawe pale chini, akautazama udongo uliolowa, akanitazama na mimi. "Nimemtuma mimi," alisema. "Sasa umeona nimegeuka. Tupa jiwe."

Jiwe lilianguka. Bodaboda aliinamisha kichwa kama aliyemkuta mtu mzima anaoga.

Dada hakuweza kusimama, na sisi wawili tulipojaribu kumwinua alilia kwa maumivu ya mgongo. Mzee akasogea. Akanyoosha fimbo yake ya kuchungia mpaka ikafika mikononi mwa dada. "Shika," akamwambia. Alishika upande wake kwa mikono miwili, mzee akavuta upande wa pili, polepole, nasi tukimshikilia makwapani, mpaka akasimama. Mikono yao haikugusana.

"Nitachinja mbuzi wa kuondoa mwiko," mzee alisema dada alipokwisha kusimama. Sijui alikuwa akimwambia nani. "Mbuzi wapo."

Tulipanda mshikaki: bodaboda mbele, dada katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, furushi likining'inia ubavuni. Nilimpa kopo, akakataa. "Lishike wewe. Mimi nitaanguka nalo." Njia panda muuza mafuta aliona noti, akaanza kusimulia shida zake huku akimimina. Bodaboda akamwambia, "Baba, mimina kwanza, utalia baadaye." Chupa zikaingia tangini.

Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Kila tulipoyumba nilisikia mwili wa yule dada ukilegea kidogo zaidi kifuani kwangu. Nikaanza kumuuliza maswali ili asilale. Anapenda mboga gani? Ng'ombe gani mkali zizini? Alijibu, halafu akajibu nusu, halafu akawa anasema "mm" tu. Kabla ya Mugumu hata "mm" ilikoma, nami nikaendelea kuuliza peke yangu kwa sauti kubwa, kwa sababu nilipokuwa nikinyamaza nilisikia tu injini.

Hospitali walimpokea kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi alifungua furushi, akasema, "Huyu alijiandaa," na kwa hilo nilitaka kulia. Nililitia kopo mikononi mwa dada. Akafumbua macho, akanishika mkono wa shati.

"Usiende mbali, kaka. Wakitaka damu, hapa sina mtu."

"Wewe ni nani wake?" muuguzi aliniuliza.

Nilifikiri. "Nilikuwa napita," nikasema.

Walipima damu yangu, wakaniambia nikae karibu, wataniita. Bodaboda aligeuza kwenda kumpa mzee habari, ingawa habari yenyewe haikuwapo. Maisha yangu yote nilikuwa nimeondoka nilipotaka. Sasa nilikuwa katika mji ambako sikumjua mtu, na nimeambiwa nisiondoke.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyofumwa, akishona barazani mwake. Niliambiwa ana chumba cha uani anachopangisha wanaouguza. Aliacha kukanyaga alipoliona shati langu.

"Hiyo damu ya nani?"

Nilimweleza yote, tangu kwenye lango la zizi. Nilijisikia ninavyosema, na hata mimi nisingeniamini.

"Na pesa ya chumba?"

"Ipo kwenye simu, mzee. Mnara ukirudi."

"Eh! Leo kila mtu ni tajiri wa simu." Hakucheka. Alimwita mkewe, akamnong'oneza. Mama yule akajitanda mtandio, akaelekea hospitali. "Kaa hapo kwenye benchi," fundi akaniambia. "Mimi sikatai mgeni, ila siku hizi siingizi mtu nisiyemjua mpaka nimuulize aliyemtaja."

Nilikaa. Hakuanza tena kushona. Nilijua kwamba yule mama akirudi ataleta majibu ya mambo mawili kwa pamoja, na la chumba sikulijali tena. Niliangalia kona ile aliyopotelea. Kila mtandio ulipojitokeza nilinyanyuka kwenye benchi. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, fundi akatawadha, akaswali palepale barazani kwenye mkeka badala ya kwenda msikitini, na nadhani hakutaka kuniacha peke yangu na cherehani yake.

Mkewe alirudi akitembea bila haraka. Nilijaribu kusoma mwendo wake, nikashindwa.

"Ni kweli ametumwa," alimwambia mumewe. Kisha akanigeukia. "Wamempasua. Mtoto wa kike, analia kuliko wenzake wote. Mama yake wamemwekea damu, amefumbua macho. Wanasema usiku huu wamwangalie, kwa hiyo usilale fofofo, wanaweza kukuita. Anauliza kama umekula."

Fundi alichomoa ufunguo kwenye kamba shingoni mwake, akatangulia uani, akaufungua mlango wa chumba. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, na mabaki ya vitambaa yamejaa kwenye magunia.

"Vua hilo shati kwanza," alisema. "Mama atalifua kabla damu haijaacha doa."