Panya wa Chumba cha Kompyuta

Usiniambie hukuona. Uko kwa grupu ya mtaa. Ulisoma message yangu, ukacheka, ukarudi kuangalia mpira.

Mimi sisahau. Hata siku ya kuzindua kile chumba cha kompyuta hapa Wabera, nakumbuka nani alibeba keki nyumbani.

Sasa sikia vile panya alimnyima Racho chuo.

Racho ni msichana wa kijiji cha Gotu. Alitaka kusomea unesi. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, mtandaoni pekee, na simu yake ni mulika mwizi, haiingii mtandaoni. Alhamisi akakuja kwa hicho chumba, ambacho mimi ndiye nakiangalia, na cheti chake kwa bahasha.

Kompyuta zetu ni za msaada, za mfumo wa Linux. Zingine zilikufa kitambo. Hii moja iliyobaki ilikuwa imejifanyia update, na tangu hapo kishale cha mausi kikashikwa na mapepo.

Unakipeleka kushoto, kinaruka juu. Unataka kubonyeza "endelea", kinabonyeza "futa". Halafu skrini inakatika vipande, inakuwa nyeusi tititi.

"Kaka, hii kitu imerogwa?" Racho akauliza.

"Haijarogwa. Imetelekezwa."

Kompyuta sikufunzwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu. Nikabadilisha mausi. Wapi! Nikahamisha waya nyuma ya mashine. Wapi! Ndio nikajua shida ni draiva ya grafiki, ile programu inayochorea skrini picha. Update ilikuwa imeivuruga.

Nikampigia Mureithi, katibu wa kamati ya mtaa.

"Niko mkutano, mwanaharakati. Andika kwa grupu. Na uandike Kiswahili tupu! Kizungu chako cha kompyuta kinachanganya wazee."

Sawa. Nikaandika Kiswahili tupu:

"Panya wa chumba cha kompyuta anaruka ovyo, anaharibu kazi ya watoto. Tafadhali msaada kabla ya Ijumaa jioni."

Mureithi akajibu, "Tumepokea."

Wewe ukacheka.

Ijumaa mchana bado tunahangaika. Tukaskani cheti, skrini ikazima kabla hata sijakitoa kwa skana. Hapo ndipo nikakumbuka: Linux ikifanya update, huweka kernel ya zamani, kile kiini cha mfumo, kando. Nikazima mashine, nikaiwasha kwa ile ya zamani.

Kishale kikatulia kama kondoo.

"Nimepata dawa!" nikapiga nduru.

"Hodi! Hata sisi tumeleta dawa," sauti ikajibu mlangoni.

Ni Kirimi, jamaa wa kupiga dawa majumbani. Barakoa usoni, pampu mgongoni.

"Panya wako wapi?"

Nikainua mausi. "Panya ndiyo hii!"

Akacheka mpaka pampu ikatingishika. "Buda, hiyo haina hata meno. Mimi nimetumwa na kamati. Tokeni, hii dawa haijui mtu."

"Tupe dakika tano tu!"

Pssssss. Alikuwa ameshaanza kona ya mlango. Macho yakawaka, Racho akakohoa hadi akainama, tukajipata nje. Kirimi akapiga kufuli ya kamati. Kwa mlango akabandika: DAWA YA PANYA. HADI JUMANNE.

"Cheti changu," Racho akasema. "Kiko ndani ya skana."

Bila cheti, hata saiba ya town, yenye intaneti ya kulipia, haingemsaidia. Nikampigia Mureithi, nikamweleza yote.

"Si ulilia panya? Panya ameshughulikiwa. Sasa unataka nini tena?"

"Ni mausi, bwana! Fungua!"

"Usalama kwanza, ndugu." Akakata.

Racho akaketi barazani akiangalia ile kufuli. Saa kumi na moja ikafika, ikapita.

"Wacha nirudi kwa mbuzi, kaka," akasema. "Mbuzi hazina draiva."

Sikucheka. Hata yeye hakucheka.

Usiku huo kamati ikatuma picha ya mlango umefungwa: "Tatizo la panya limetatuliwa." Dole gumba zikajaa. Yako iko hapo. Nimeiona.

Jumanne wakafungua. Hakukuwa na panya hata mmoja aliyekufa. Kilichokufa ni kompyuta. Dawa ilikuwa imeingia ndani, mashine haikuwaka tena. Racho alichukua cheti chake, akakipanguza na leso, akaenda. Hajarudi.

Funzo ni hili: mtu asiyekuja kuona kwa macho yake atakutibu ugonjwa ambao si wako. Na wewe unayempigia makofi, ndiwe unayemshikia pampu.

Sitaki pole yako. Futa hiyo dole gumba. Weka simu chini, vaa viatu, twende kwa mlango wa kamati sasa hivi.

Na usiandike kwa grupu kwamba unakuja. Kuja.