Kijani Chini ya Gari Letu Jeusi

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mume wangu, karani wa serikali, alinunua gari kuukuu, jeusi, kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihamia Bombei. Vichochoro vya kwetu havikulipitisha, basi likawa linalala Vuga, mbele ya nyumba ya mama yake. Huko ndiko lilikopata mikwaruzo mirefu ubavuni, na wiki ile tulikuwa na harusi ya mdogo wangu, shamba, Kidichi.

"Siendi kwa wakwe na gari lenye makovu," alisema.

Mama mkwe akatoa mafuta ya nazi. Tukapaka, tukasugua, mikwaruzo ikatoweka. Mume wangu alilizunguka gari akitabasamu kama yeye ndiye bwana harusi.

Kesho yake adhuhuri akaniita.

"Naam."

"Njoo utazame. Nani kalikwaruza tena?"

Ilikuwa pale pale, mirefu vile vile. Nilisimama juani nisielewe kitu. Mtu gani mwenye akili timamu angefuata mistari ile ile? Mume wangu akashuku watoto wa mtaani, mama mkwe akasema ni husda. Tukapaka mafuta tena. Jioni hamna kitu, mchana mikwaruzo imerudi ile ile.

Jirani yetu wa Kihindi, mwenye duka la vyombo, akatuonea huruma. "Mafuta yanaziba tu," alisema. "Jua likiyakausha, mikwaruzo inaonekana. Sugueni rangi yenyewe." Akatuazima kopo la dawa ya kusugulia, nzito kama uji, yenye chenga kama mchanga mkononi.

Tukaanza, mume wangu mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Tambara langu likawa jeusi tii.

"Uchafu huo," alisema.

"Mimi nnaona kama rangi."

"Rangi ya gari haitoki kwa tambara, mke wangu."

Nikaendelea kusugua, mimi na magari wapi na wapi? Na kweli mikwaruzo ilikuwa ikififia. Tukazidisha nguvu. Mara chini ya kiganja changu pakatokea doa la kijani. Nikadhani ni dawa imegandia, nikasugua nilitoe. Likawa kama kisahani. Nikasugua zaidi.

"Acha!" alipiga kelele.

"Nnalitoa!"

"Unalikuza!"

Mama mkwe akatoka, akatazama, akauliza taratibu, "Kwani wanangu, gari hili jeusi au kijani?" Tukatazamana.

Harusini Kidichi watu walilizunguka gari kuliko walivyomzunguka bwana harusi. Baba mdogo wangu akauliza, "Mnalipaka kijani?" Mume wangu akaitika, "Naam." Mwingine akasema, "La, ni la kijani, wanalipaka jeusi." Akaitika pia, "Naam." Hata mdogo wangu, biharusi mwenyewe, hina mbichi mikononi, alininong'oneza, "Dada, mmebadilisha gari?" Nikamwambia sijui, na nilikuwa nikisema kweli.

Baada ya mwezi tulilipeleka kwa fundi. "Nilirudishie rangi yake?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema mume wangu.

"Ipi?"

Mume wangu akasema jeusi, mimi nikasema kijani, sote kwa wakati mmoja. Fundi akaenda zake kunywa kahawa, akatuambia tukishapatana tumwite. Tulipatana jeusi. Lakini kila nilipoulizwa njiani gari letu ni lipi, nilikuwa nasita kidogo kabla ya kulionyesha.